Ng'ambo Iliyo Karibu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mganga hajigangi. Mimi ni mhadhiri wa isimu; nimeufundisha muundo wa Kiswahili kwa miaka mingi na shahada ya uzamifu ninayo. Hata hivyo, mwishoni mwa muhula wa pili wa mwaka 2025, mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 16 na aliyekuwa katika kidato cha pili, alirudi nyumbani kwetu Kaptagat na ripoti ya shule iliyonitahayarisha. Katika somo la Kiswahili alikuwa amepata alama ya D.

Nilimwita sebuleni nikamtaka anieleze. Hakuona haya wala hakutetemeka. "Baba," aliniambia, "Kiswahili ni cha mtihani tu. Hakitanifikisha popote."

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma, baada ya kuyatafakari kwa muda mrefu, kuandika makala haya. Naamini si ya mwanangu peke yake. Kila mwalimu wa Kiswahili katika shule za bara la Kenya ameyasikia, ama yakitamkwa waziwazi, ama yakisomeka katika nyuso za wanafunzi wanaosinzia kipindi cha ngeli. Nami nakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu. Ningeweza kumtajia vyeo na idadi ya wasemaji, lakini kijana wa miaka 16 hashawishiki kwa takwimu za baba yake.

Yafaa msomaji ajue tunakoishi. Kaptagat iko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, mwendo mfupi kutoka jiji la Eldoret. Ni nchi ya msitu, mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Lakini zaidi ya hayo ni nchi ya wakimbiaji. Hapa ndipo Eliud Kipchoge alipofanyia mazoezi kwa miaka mingi, yakiwemo ya kujiandaa kwa siku ile ya tarehe 12 Oktoba 2019 alipokimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Watoto wetu huamka alfajiri wakawaona mashujaa wa dunia wakipita kwenye barabara ya vumbi, na pamoja nao wageni waliotoka Ulaya na Marekani kuja kujaribu mapafu yao. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kaptagat anayafahamu majina ya Berlin, London na Chicago kuliko ya Tanga, Bagamoyo au Kigoma. Akitaja ng'ambo, ana maana ya mahali penye theluji.

Kwa hiyo mimi na mke wangu tulipoamua kwamba likizo ya Agosti tutaitumia nje ya nchi, sisi wawili, kijana huyo na dada yake wa miaka tisa, furaha yake haikuwa na kifani hadi aliposikia kwamba tunakwenda Unguja. "Hiyo si ng'ambo," alisema. "Hiyo ni Tanzania. Huko ni Kiswahili tu. Marafiki zangu watanicheka."

Tulisafiri hivyo hivyo. Kwa kuwa nauli ya ndege ya watu wanne ilitushinda, tulishuka kwa basi hadi Nairobi, tukapanda treni ya reli mpya hadi Mombasa, kisha tukashika barabara ya kusini hadi mpakani Lunga Lunga, tukaingia Horohoro, Tanga, na hatimaye Dar es Salaam, ambako tulipanda boti ya kwenda Unguja. Mwananchi wa Kenya hahitaji viza kuingia Tanzania. Alihitaji pasipoti, ambayo mtoto huipata kwa ridhaa ya wazazi wake, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, chanjo inayopasa kudungwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Nayataja haya kwa ajili ya mzazi anayedhani kuvuka mpaka ni kazi ya matajiri na mabalozi.

Pale mpakani nilimweleza kijana jambo moja. Mimi nilizaliwa mwaka 1979. Mwaka huo mpaka huu ulikuwa umefungwa, kwani ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na lango halikufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Leo pasipoti aliyokuwa ameishika ina jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jina la Jamhuri ya Kenya. Alitazama jalada, akaitikia kwa kichwa, kisha akarudisha vidude vya muziki masikioni.

Siku mbili za kwanza mjini Unguja zilikuwa za huzuni, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandaa ratiba kama ya mihadhara: asubuhi makumbusho, adhuhuri ngome, alasiri kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Kila tuliposimama nilitoa maelezo. Nilimkumbusha kwamba kongamano lililofanyika Mombasa mwaka 1928 ndilo lililoichagua lahaja ya mji huu, Kiunguja, iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba karatasi ya mtihani iliyomtoa jasho ni mjukuu wa mazungumzo ya vichochoro hivi. Alikuwa akinifuata hatua kumi nyuma. Hatimaye akauliza, "Baba, tuko likizo au tuko darasani?" Nilimkaripia mbele za watu. Mke wangu hakusema neno mpaka watoto walipolala, ndipo aliponiambia, "Baba watoto, umemleta mwanao huku ili akusikilize wewe. Hilo si angelifanya Kaptagat?"

Usiku huo niliikumbuka methali ambayo nimeifundisha mara nyingi bila kuitii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kulipokucha nilimkabidhi kijana fedha zote za chakula na nauli za siku ile. Nikamwambia, "Leo wewe ndiwe kiongozi wa msafara. Utauliza njia, utanunua, utapatana bei. Sisi tutakufuata, nami sitafungua kinywa." Alinitazama kama mtu anayetegewa mtego, lakini fedha alizipokea.

Tulianzia sokoni Darajani. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee mmoja mwenye genge la vinywaji, akasema kama wasemavyo vijana wote wa Eldoret, "Nipe maji nne." Mzee yule hakukasirika. Aliuliza kwa upole, "Mwanangu, watoka bara?" Kijana akakubali. "Basi huku sisi twasema, naomba maji." Kijana alishangaa kweli, wala haukuwa ujeuri: "Kwa nini niombe, na pesa ninazo?" Mzee akacheka hadi akashika kiuno. "Pesa ni ya maji, mwanangu. Hilo 'naomba' ni langu mimi."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu adabu katika lugha; sijui kama kuna kimoja kilichonena kwa ufupi namna hiyo. Mwanangu alirudia, "Naomba maji, mzee, chupa nne," akapewa, na akaongezewa ndizi moja ambayo hakuilipia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba watu wa bara hawana adabu. Katika Kiswahili cha kwetu "nipe" si tusi, ni neno la kawaida, na heshima tunaionyesha kwa njia nyingine, kwa sauti na kwa kupeana mkono. Lakini lugha hubeba historia ya mdomo ulioifundisha. Makaburu waliingia nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908, wakafuatwa na walowezi wengine, na hadi leo wenyeji wanauita mji wa Eldoret Sisibo, kutokana na shamba nambari 64. Katika mashamba hayo bwana na mfanyakazi walielewana kwa Kiswahili kilichovunjwavunjwa, kilichopewa jina la Kisetla, ambacho karibu vitenzi vyake vyote vilikuwa vya kuamrisha: leta, beba, toka. Babu zetu walikipokea Kiswahili kama lugha ya kazi na ya amri. Visiwani watoto hukipokea wakiwa mapajani mwa mama zao, kama lugha ya kuombana na kubembelezana. Haidhuru kijana wa bara akilijua hilo. Na hawezi kulijua vizuri mpaka asimame mbele ya mtu ambaye kwake "nipe" inakwaruza sikio.

Mimi nami sikusalimika. Alasiri ya siku hiyo nilivunja ahadi yangu ya kukaa kimya, nikaingia dukani kuulizia chaja ya rununu. Binti aliyekuwa akiuza alinitazama kwa huruma akauliza, "Rununu ndiyo nini, baba yangu?" Nilipomwonyesha, akasema, "Aa, simu!" Mwanangu aliinama akicheka hadi machozi yakamtoka. Rununu ni neno tunalowalazimisha wanafunzi wetu waliandike katika insha, na tunawakata alama wasipoliandika; na hapa, katika mji ambao lahaja yake ndiyo iliyosanifiwa, mwenye duka halijui. "Baba," kijana aliniambia tulipotoka, "neno lako halina soko." Nilitaka kumjibu kuhusu uundaji wa istilahi. Nilinyamaza, maana alikuwa amesema kweli, na lilikuwa jambo la kwanza la isimu tulilolizungumza pamoja maishani mwetu.

Kutoka hapo maswali yalianza kuwa yake. Aliuliza kwa nini soko linaitwa Darajani ilhali daraja halipo. Sikumjibu, nilimwelekeza kwa wenyeji. Alirudi na habari kwamba zamani palikuwa na hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, uliotenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili, na daraja lilikuwa hapo hapo, hadi hori lilipofukiwa. Kisha akasimama katikati ya barabara, macho yamemtoka. "Na unajua ule upande wa pili unaitwaje? Unaitwa Ng'ambo!"

Naam, ndivyo unavyoitwa mpaka leo. Ng'ambo ndiyo sehemu ya mji walikokuwa wakiishi wengi wa watu wa kawaida, mafundi, wachukuzi na wavuvi, wakati Mji Mkongwe ulipokuwa wa matajiri wa biashara. Neno tunalolitumia Kaptagat kwa maana ya London, asili yake ni ukingo wa pili tu: wa mto, wa hori, wa bahari. Huhitaji theluji ili ufike ng'ambo. Unahitaji kuvuka. Kijana wangu alivuka barabara ile kwa miguu akatangaza kwamba amefika.

Jioni tulikwenda Forodhani. Vijana wa mji walikuwa wakijirusha baharini kutoka ukutani, mchezo wanaouita makachu. Mwanangu, ambaye hajui kuogelea kwa kuwa mito yetu ina baridi ya kuua, aliketi ukutani akiwatazama. Mmoja alipanda juu, maji yakimtiririka, akamuuliza atokako. Aliposema Kaptagat ikabidi aeleze, na alipolitaja jina la Kipchoge walikusanyika watano, sita. Wakataka kujua wakimbiaji hunywa nini. Mwanangu akawaambia, mursik.

Mimi nilikuwa nimeketi kando, nimewapa mgongo, sikio likiwa kwao. Alianza kwa Kiswahili cha nyumbani: "Tunachemshanga maziwa..." Wenzake hawakumcheka, walirudia tu kwa namna yao, "Enhe, huchemshwa, halafu?" Akaendelea. Akaeleza kibuyu, akaeleza mti wa senetwet unaochomwa, na jinsi mkaa wake unavyosuguliwa ndani ya kibuyu. Kufikia sentensi ya nne au ya tano nilimsikia akisema, "Kisha hupozwa, humiminwa kibuyuni, huachwa siku kadhaa." Wakapiga kelele: maziwa na mkaa? Wakabishana. Akawatetea maziwa ya nyanya yake kwa dakika kumi nzima, kwa lugha aliyopata D.

Walimu wenzangu wataelewa kwa nini nilijifuta macho. Ile hali ya mazoea ya "hu-" nimeifundisha chuoni kwa ubao na kwa vielelezo. Mwanangu alikuwa amefundishwa shuleni miaka mingi asiishike. Aliishika ukutani Forodhani kwa sababu mbili sahili: alikuwa na jambo la kusema, na alikuwepo mtu aliyetaka kulijua.

Sitawadanganya wasomaji kwamba muujiza ulitokea. Muhula uliofuata alama yake ilipanda kutoka D hadi D+. Siku ile ya uongozi wake alitumia fedha zote kabla ya magharibi, nasi sote wanne tukalala kwa chai na mkate. Bado husahau ngeli. Lakini sasa yeye na mmoja wa vijana wale hutumiana sauti kwa simu, na mara moja nilimsikia akimsahihisha dada yake mezani: "Sema naomba chumvi. Chumvi ni ya mama, ombi ni lake pia."

Katika haya yote, ninayo matatu ya kuwaambia wazazi na walimu.

Kwanza, safari na kijana wa umri huu haipimwi kwa umbali. Wapo wazazi wanaojinyima wakawapeleka watoto Dubai au Ulaya, na mtoto akarudi na viatu vipya na picha za maduka. Siwalaumu, fedha ni zao. Lakini kijana aliyefuata wazazi nyuma kama mzigo hajasafiri, amesafirishwa. Mpe jembe. Mpe kazi ambayo akiikosea nyinyi nyote mtalala na chai, na mkubali kulala na chai.

Pili, kwa mtoto wa Kenya nchi ya jirani ina faida ambayo Ulaya haina. Huko Ulaya yeye ni mtazamaji. Tanzania ana lugha mkononi, na lugha hiyo inamfungulia mlango na papo hapo inamwonyesha kwamba yeye ni mgeni. Mambo hayo mawili kwa pamoja ni adimu sana.

Tatu, walimu tusingoje safari. Mtoto ambaye mzazi wake anakabana na karo na bei ya mbolea hatakwenda Unguja Agosti, nami siandiki kumsimanga. Kwetu Uasin Gishu mpaka wa Malaba hauhitaji safari ya siku nzima, na Uganda baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule zao. Shule ya Kaptagat ikiandikiana na shule ya Tororo au ya Tanga, gharama ni bando la simu. Badala ya insha ya methali ile ile kila muhula, mwambie mwanafunzi amweleze mtoto wa pwani jinsi viazi vinavyohifadhiwa, naye amngoje ajibu. Na likizo ziwe likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya ziada ya likizo, lakini sote tunajua yanakoendelea kufanyika.

Yupo atakayesema kwamba hali za nchi jirani hubadilika. Ni kweli. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 zilitutia hofu, na kwa siku kadhaa kijana wetu hakupata sauti ya rafiki yake kwa kuwa intaneti ilikuwa imezimwa. Mzazi mwenye busara huuliza hali ya njia kabla ya kufunga mizigo. Lakini nilimwona mwanangu akiitazama simu kila baada ya saa moja, akihofia maisha ya mtoto wa nchi ambayo miezi mitatu awali aliiita "Tanzania tu". Kwa mara ya kwanza habari za jirani zilikuwa habari zake.

Viongozi wetu wamefanya sehemu yao juu ya karatasi. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na mwaka huo huo UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Ni heri. Hata hivyo, maazimio hayasemi. Watu ndio wasemao, na watu hawawezi kusemezana kama hawakutani.

Mwanangu aliniambia Kiswahili hakitamfikisha popote. Sikumjibu siku ile, wala sijamjibu hadi leo kwa maneno. Juzi amekuja kuniuliza nauli ya kwenda Kigoma ni kiasi gani, na kama huko nako watu husema "naomba". Nilimwambia sijui, kwa kuwa sijafika. Akasema, "Basi twende tukaulize."